Uzi: Dawa za sonona kwa vijana walioelemewa na msongo wa muda mrefu: ipi inafaa, ipi haifai, na kwa nini

Mfamasia wa Kisiwani:

Assalaam alaykum na salamu kwa wote. Mimi ni mfamasia katika duka la dawa hapa kisiwani Mombasa, na nimeona nifungue uzi huu kwa sababu kuna ombi moja ambalo hunifikia kila shule zinapofungwa na watoto wa bweni kurudi makwao. Mzazi huja akieleza kwamba kijana wake wa miaka 15 au 16 hali chakula vizuri, usingizi umempaa, amejitenga na wenzake, hasira ziko puani na alama za masomo zimeporomoka. Kisha huomba apewe kitu cha kumtuliza, bila karatasi ya daktari. Mara nyingi anachokitaja kwa jina ni diazepamu, kidonge cha kutuliza na kulaza, au amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, kwa kuwa yuko shangazi au mjomba aliyewahi kuandikiwa. Ninachotaka kusema ni kwamba dawa za sonona kwa vijana zipo na hufanya kazi, lakini orodha yake ni fupi mno ikilinganishwa na ya watu wazima, na hizo mbili zinazoulizwa zaidi hazimo.

Kwanza tuuangalie msongo wenyewe. Mtu akiingiwa na hofu, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo hipothalamasi huipa ishara tezi ya pituitari, nayo huziamsha tezi za adrenali zilizo juu ya figo zimwage homoni ya kortisoli. Kwa jambo la siku moja, kama mtihani au ajali barabarani, mfumo huo ni neema, kwa kuwa hatari ikipita ubongo huipima kortisoli iliyomo katika damu na kuufunga mfereji. Shida huanza pale ambapo hatari haipiti: nyumba yenye ugomvi kila usiku, kijana anayerudishwa kutoka shuleni muhula baada ya muhula kwa sababu ya karo, kipigo au dhuluma ya kingono inayofichwa ndani ya ukoo, au mtaa ambao vijana wenye mapanga huupita jioni na kila mtu hufunga mlango mapema. Hipokampasi, ambayo ni mojawapo ya sehemu za ubongo zinazopaswa kutoa amri ya kuufunga mfumo huo, imejaa vipokezi vya kortisoli, hivyo ndiyo pia huumizwa na kortisoli isiyokauka. Kwa wanyama wa maabara waliowekwa katika msongo wa muda mrefu, matawi ya seli za neva katika hipokampasi na katika sehemu ya mbele ya ubongo yameonekana yakifupika. Sehemu hiyo ya mbele, inayomsaidia mtu kupima mambo na kujizuia, huendelea kukomaa kwa binadamu hadi katikati ya miaka ya ishirini. Ndiyo maana msongo wa umri wa balehe hauchukuliwi kuwa sawa na wa mtu wa miaka 40, ingawa si kila kijana aliyepitia dhiki hupata sonona, wengi hawapati.

Je, dawa hugusa wapi? Fluoksetini, dawa ya sonona inayotumika zaidi kwa vijana, na ndugu zake huzuia seli za neva zisiirudishe haraka serotonini (kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva) ziliyoitoa, ili ikae zaidi kwenye nafasi iliyo kati ya seli na seli. Jambo hilo hutokea ndani ya saa chache, lakini mgonjwa hupata nafuu baada ya wiki nne hadi sita. Pengo hilo peke yake linatosha kutuonyesha kwamba ile hadithi ya kwamba mgonjwa amepungukiwa na serotonini na kidonge kinamjazia ni nyepesi kupita kiasi. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya waliozuiwa kwa miale ya eksirei wasizalishe seli mpya katika hipokampasi hawakunufaika tena na fluoksetini. Tangu hapo wengi wamekuwa wakiitazama dawa hii kama kitu kinachourahisishia ubongo kujijenga upya, kazi ambayo huchukua wiki.

Wengine watauliza: ikiwa chanzo ni homoni za msongo, mbona zisizibwe moja kwa moja? Limejaribiwa. Makampuni yalitumia miaka mingi kutengeneza dawa za kuziba vipokezi vya ile homoni ya hipothalamasi inayoanzisha mlolongo mzima, na majaribio kwa binadamu hayakuleta matokeo yaliyotarajiwa. Kwa hiyo hadi leo hakuna kidonge cha "sonona iliyoletwa na msongo" peke yake. Kijana aliyechoshwa na msongo hupewa dawa zile zile za sonona nyingine.

Sasa orodha yenyewe. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha fluoksetini kwa sonona ya watoto kuanzia miaka 8 mnamo 2003, na esitalopramu kuanzia miaka 12 mnamo 2009. Hizo ndizo zilizo mstari wa mbele. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi uliounganisha majaribio 34 yenye washiriki zaidi ya 5,000 na dawa 14, na katika zote hizo ni fluoksetini pekee iliyoonekana kukishinda kidonge bandia (kile kisicho na dawa ndani, kinachotumiwa kulinganisha) kwa watoto na vijana. Parokisetini ina historia ya aibu: jaribio lake maarufu lilichapishwa mwaka 2001 likidai kwamba inafaa vijana na haina madhara makubwa, kisha mwaka 2015 watafiti wengine waliichambua upya data ile ile na kukuta kwamba haikufaa wala haikuwa salama.

Amitriptilini ni dawa nzuri kwa maumivu ya neva na kwa kipandauso, ni ya bei nafuu na hupatikana hadi katika vituo vidogo vya afya. Lakini kwa sonona ya watoto haijaonyesha faida ya maana juu ya kidonge bandia, na ikimezwa kupita kiasi huvuruga mapigo ya moyo. Kumwekea dawa ya namna hiyo mezani kijana ambaye huenda ana mawazo ya kujidhuru ni jambo ambalo mimi silipitishi kaunta. Diazepamu nayo humlaza tu. Haiitibu sonona, huzoeleka upesi, na Mombasa tunajua vyema jinsi vidonge vya kulewesha vinavyozunguka vijiweni.

---

Mama wa Watatu:

Mfamasia, shukran kwa maelezo. Mwanangu wa kiume ana miaka 16. Daktari wa akili amemwandikia fluoksetini, sasa yumo katika wiki ya pili. Badala ya kutulia, nimemwona hakai mahali pamoja: anatembea ukumbini, anatikisa mguu, usiku yu macho. Wifi yangu anasema dawa imemharibu na niitupe. Baba yake yuko melini hadi mwezi ujao. Nifanye nini?

---

Mfamasia wa Kisiwani:

Mama, pole sana, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kuitupa. Jambo la kwanza ni kumpigia simu daktari aliyemwandikia, leo hii, wala usingoje tarehe ya kliniki. Mwambie kama ulivyoandika hapa: hatulii, anatembea, halali. Ni dalili ambayo madaktari huifahamu, hasa katika wiki za mwanzo au kipimo kinapoongezwa, na mara nyingi hurekebishwa kwa kupunguza kipimo, kubadilisha saa ya kumeza au kubadilisha dawa. Kama anameza usiku, muulize daktari iwapo anaweza kuhamia asubuhi, kwa kuwa fluoksetini huwanyima usingizi baadhi ya watu.

Nitakueleza pia kwa nini nasema leo hii. Mnamo Oktoba 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru maonyo makali yaandikwe kwenye dawa zote za sonona. Ilikuwa imepitia majaribio 24 yenye watoto na vijana zaidi ya 4,400, ikakuta kwamba mawazo au vitendo vya kujidhuru vilijitokeza kwa takriban asilimia 4 ya waliopewa dawa na asilimia 2 ya waliopewa kidonge bandia. Katika majaribio hayo yote hakuna aliyefariki kwa kujiua, lakini tofauti ilikuwapo, na mwaka 2007 onyo lilipanuliwa hadi umri wa miaka 24. Maana yake kwa nyumba yako ni kwamba katika miezi miwili ya kwanza kijana asiachwe peke yake na vidonge. Kaa navyo wewe, vifungie kabatini pamoja na dawa nyingine zote za nyumbani, mpe kimoja kwa wakati wake na uhakikishe amemeza.

Muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kufa au kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Wengi hufarijika kwamba hatimaye mtu ameuliza. Akijibu ndiyo, au ukimwona anaagana na watu au anagawa vitu vyake, usilale naye nyumbani ukisubiri asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huo huo. Hospitali ya Rufaa ya Pwani iko hapa kisiwani. Simu ya watoto ya 116 nayo haitozi malipo.

Kuna mambo mawili ambayo daktari atataka kuyajua nawe unaweza kuyachunguza kwa upole. Je, katika ukoo wenu au wa baba yake kuna mtu aliyewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, halali siku kadhaa, anatapanya fedha na kunena mfululizo? Kwa kijana mwenye asili hiyo, dawa ya sonona peke yake inaweza kumpandisha badala ya kumtuliza. La pili ni muguka. Najua mama yeyote hapendi kuulizwa, lakini majani yale ya kutafuna, ambayo serikali ya kaunti ilijaribu kuyapiga marufuku Mei 2024, yana kichangamsho kinachoondoa usingizi na kumfanya mtu asitulie, kisha lawama zote huangukia kidonge.

---

Bin Athumani:

Naomba kuuliza kwa niaba ya wazazi wa madrasa yetu. Ramadhani ikiingia, kijana anayetumia dawa hizi atafanyaje? Na je, kuna ubaya akisomewa ruqya (kisomo cha Qur'ani cha kuombea shifaa) au akinywa kombe (maji yaliyooshewa maandishi ya aya) huku anameza vidonge?

---

Mfamasia wa Kisiwani:

Ustadh, katika hili fluoksetini ina wepesi wake. Humezwa mara moja tu kwa siku, na hukaa mwilini muda mrefu: huchukua siku kadhaa kupungua nusu, na zao lake linalotengenezwa na ini hukaa zaidi ya hapo. Kwa hiyo anaweza kuihamishia wakati wa daku au baada ya futari bila kukosa kipimo hata kimoja. Wasiwasi wangu katika Ramadhani ni usingizi zaidi kuliko kidonge, maana kijana mwenye sonona anayekesha barazani hadi daku kisha kulala hadi adhuhuri anaweza kurudi nyuma hata kama dawa anaimeza sawasawa. Kama amedhoofika sana na hali chakula, suala la kufunga liamuliwe baina ya daktari na ninyi wenye elimu ya dini.

Visomo havigongani na dawa yoyote. Nimewaona vijana wakisomewa na huku wanaendelea na kliniki, na familia ikatulia kwa hilo, jambo ambalo lina uzito wake. Kombe la zafarani na maji ya waridi sina neno nalo. Ninachoomba ni kwamba mitishamba ya kuchemsha itajwe kwa daktari kabla ya kunywewa, kwa sababu nyingine huchakatwa na ini kwa njia ile ile ya dawa, na pia mgonjwa asiambiwe kwamba kumeza kidonge ni upungufu wa imani. Lingine ambalo halihusiani na ruqya lakini huwagusa vijana wetu ni tramadoli, dawa kali ya maumivu, inayouzwa vichochoroni. Ikichanganywa na fluoksetini inaweza kuleta degedege, au kupandisha serotonini kupita kiasi, kukiambatana na homa, mtetemo na mkanganyiko. Hiyo ni dharura.

---

Kasha Tupu:

Mimi nina shaka na haya yote. Tunaambiwa kidonge bandia chenyewe kinawaponya vijana wengi. Makampuni yalificha matokeo, umekiri mwenyewe kuhusu parokisetini. Kijana anayelala na njaa Kisauni hana ugonjwa wa ubongo. Ana njaa. Mpeni chakula na karo, muone kama sonona haitaondoka.

---

Mwalimu wa Changamwe:

Ndugu Kasha Tupu, mimi nafundisha shule ya upili na nusu ya hoja yako naiunga mkono, kwa kuwa nimewaona wanafunzi ambao hali yao ilibadilika mara tu jambo lililokuwa likiwatesa lilipoondolewa. Lakini nimewaona pia wale ambao karo ilipatikana, baba mlevi akahama, na mtoto akaendelea kukaa dawati la nyuma akitazama ukuta. Kuna hatua ambayo ugonjwa huendelea wenyewe hata chanzo kikiondoka, na mtoto wa namna hiyo kumwambia asubiri mambo yawe mazuri ni kumwongezea mzigo.

Kwa wale ambao hawajazama sana, naomba wazazi wajue kwamba si lazima kuanza na vidonge. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio la mpango wa Shamiri, lililowahusisha wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu wenye dalili za sonona au wasiwasi. Vijana wa kawaida waliofunzwa, wala si madaktari, waliwaongoza katika vikundi kwa saa moja kila wiki kwa wiki nne, wakizungumzia kukua, shukrani na maadili ya mtu binafsi. Dalili zilipungua zaidi kuliko katika vikundi vilivyofundishwa mbinu za kusoma tu. Kitu kama hicho shule yoyote ya pwani inaweza kukiweza. Tunachokosa ni mwalimu mshauri asiyebebeshwa vipindi 30 vya hisabati kwa wiki.

---

Mfamasia wa Kisiwani:

Mwalimu amenipunguzia kazi. Kasha Tupu, takwimu za kidonge bandia ni za kweli na tuzitazame vizuri. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2004 lilikuwa na vijana 439 wa miaka 12 hadi 17 wenye sonona ya wastani hadi kali. Baada ya wiki 12, walioonekana kupata nafuu walikuwa asilimia 34.8 kwa kidonge bandia, 43.2 kwa tiba ya mazungumzo ya kurekebisha fikra na tabia, 60.6 kwa fluoksetini, na 71 kwa waliopewa vyote viwili. Kufikia wiki ya 36 waliopewa mazungumzo peke yake walikuwa wamewafikia wa fluoksetini, wote wakiwa kwenye asilimia 81, na wa vyote viwili asilimia 86. Mimi nayasoma matokeo hayo hivi: faida kubwa ya kidonge ni kasi, na kwa kijana ambaye kila wiki ni hatari kwake, kasi si jambo dogo.

Kuhusu chanzo, una hoja yenye nguvu kuliko ulivyoieleza. Mwaka 2003 ulichapishwa uchambuzi wa watu wazima 681 wenye sonona sugu. Wale waliofiwa na wazazi wakiwa wadogo au waliodhulumiwa na kupuuzwa utotoni walinufaika zaidi na tiba ya mazungumzo kuliko na dawa peke yake. Ni watu wazima, na dawa iliyotumika haikuwa fluoksetini, lakini inatuonya kwamba jeraha la utotoni halimalizwi na kidonge. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, unaowahusu wahudumu wasio mabingwa wa akili, unaelekea huko huko: chini ya miaka 12 dawa za sonona zisitumiwe katika vituo vya kawaida, na kuanzia miaka 12 fluoksetini ifikiriwe pale msaada wa mazungumzo na wa kijamii ulipokosa kutosha, kwa kushauriana na mtaalamu. Kama mtoto anadhulumiwa nyumbani, kumwandikia dawa na kumrudisha kwa anayemdhulumu si tiba.

Niongeze jambo la sheria kwa kuwa wazazi hulinong'ona. Wengine walikuwa wakiwaficha watoto waliojaribu kujidhuru kwa kuogopa polisi. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Mpeleke mtoto hospitali.

---

Mama wa Watatu:

Nimempata daktari. Amepunguza kipimo na tumehamia asubuhi, na ataonana naye tena keshokutwa. Kijana mwenyewe amekana kuwa na mawazo ya kujidhuru, ila amekubali kwamba muguka alikuwa anatafuna. Sasa naomba kujua: na ikiwa hii haitamfaa, kuna nyingine? Na atameza hadi lini? Mwaka huu yuko kidato cha nne.

---

Mfamasia wa Kisiwani:

Alhamdulillah, mama. Ikiwa baada ya wiki nane hivi za kipimo cha kutosha hajapata nafuu, daktari kwa kawaida humhamishia dawa nyingine ya kundi hilo hilo, kama esitalopramu au setralini. Liko jaribio la mwaka 2008 lililohusu vijana 334 ambao dawa ya kwanza haikuwasaidia: waliobadilishiwa dawa na kuongezewa tiba ya mazungumzo, asilimia 54.8 walipata nafuu, na waliobadilishiwa dawa tu ni asilimia 40.5. Venlafaksini, iliyo ya kundi jingine, haikuwazidi wenzake na ilileta madhara zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuhangaikia jina la kidonge cha pili, ulizia mshauri nasaha. Kitengo cha akili cha hospitali ya Port Reitz, hapa Mombasa, kinaweza kukuelekeza. Ukisikia habari za ketamini, ile dawa ya nusukaputi, jua kwamba namna yake ya kupuliza puani iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa watu wazima ambao dawa nyingine zimeshindwa, si kwa vijana.

Muda wa kumeza huhesabiwa kuanzia siku anapopata nafuu kamili, wala si siku aliyoanza, na kwa kawaida ni miezi sita hadi kumi na miwili. Familia nyingi huacha mwezi wa pili kwa sababu mtoto anacheka tena, kisha hurudi kwangu mwezi wa nne. Kuacha kufanywe polepole na kwa mpango wa daktari, katika kipindi ambacho hana shinikizo kubwa. Kwa mwanao hesabu ni rahisi: hata akiwa mzima kabisa ifikapo Septemba, asipunguziwe wakati KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, inamsubiri Oktoba na Novemba. Mwambie daktari mlijadili hilo mwakani, matokeo yakishatoka na ikishajulikana anaelekea wapi.